Mzee anataka kupelekwa Mnazi Mmoja

SWALI: Dada habari za kazi. Mzee wangu alipigana vita ya Kagera, sasa hivi magoti yanamsumbua hatoki sana, ila juzi kaanza kusema nimpeleke Mnazi Mmoja kwenye mnara wa mashujaa akawasalimie wenzake. Nikamwambia tusubiri Julai 25, Siku ya Mashujaa, akanikata palepale, eti siku hiyo ni ya wakubwa. Nimpeleke lini? Na pale kuna nini maana mie huwa napita tu na daladala. (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Mdogo wangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Halafu msikilize, ana pointi. Julai 25 ni gwaride na itifaki, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, mabalozi shada la maua, inapendeza sana kwenye TV lakini mtu wa magoti mabovu ataishia kusimama mbali juani asione kitu. Tena ya kitaifa siku hizi mnaweza kukuta iko Dodoma, kama 2024.

Mpeleke siku ya kawaida, asubuhi jua halijachachamaa, Jumapili ndo nzuri zaidi foleni inakuwa afadhali. Beba kiti cha plastiki, usione aibu, na chai kwenye chupa. Mkikuta mlinzi salimieni, mwambieni huyu mzee alikuwa mwanajeshi, na picha ombeni kwanza ndo mpige. Maua sio lazima, na wewe usimharakishe wala usijaze maswali, akitaka kuongea ataongea mwenyewe.

Mkitoka hapo kama bado ana nguvu chukueni bajaji mpaka Posta, Samora pale, kwenye sanamu ya Askari. Hiyo ni ya 1927, ya waliokufa vita ya kwanza ya dunia, askari na wapagazi, na maandishi yake yako Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Kabla yake pale ilisimama sanamu ya Mjerumani, Wissmann, aliyekuwa gavana wa kikoloni, Waingereza walipouteka mji wakaitoa. (Na hao wapagazi ndo chanzo cha jina Kariakoo, ni Carrier Corps hiyo, yaani kikosi cha wapagazi, kwa matamshi yetu, watu tunanunua vitenge pale kila siku wala hatuna habari.)

Sasa kuna kitu nataka ukifikirie kabla hamjatoka nyumbani. Mnazi Mmoja ni mnara, sio makaburi. Askari wetu waliokufa vita ya Kagera, ile ya 1978 na 1979, wako Kaboya kule Muleba, na waliokufa Msumbiji, hiyo ni vita nyingine, wako Naliendele, Mtwara. Mzee anaposema anataka kuwasalimia wenzake inawezekana mnara unamtosha kabisa, wapo wengi wanatosheka, anasimama kidogo, anapiga saluti, anageuka anasema twende. Ila inawezekana pia ana mtu mmoja kichwani, labda wa kikosi chake, labda walikuwa wanalala handaki moja, na huyo hatamkuta Mnazi Mmoja. Muulize taratibu mkiwa mnarudi kwenye gari: "Baba, kuna mtu ulikuwa unamtafuta?" Akikutajia jina, basi anza kuweka nauli ya Muleba mdogo mdogo.