Dalia haikatwi tumba: maswali na majibu

*Nilikata dalia zikiwa bado tumba, kama wanavyofanya wauza waridi, ili zifungukie mezani. Zimenyauka vilevile. Kwa nini? – Mama wa Kadutu*

Mama, kila msimu wa mvua nalijibu swali hili, na kila msimu linarudi. Waridi likikatwa tumba hufunguka ndani ya maji. Dalia haifunguki. Subiri ua lichanue karibu lote, kisha litazame kwa nyuma: petali za mgongoni ziwe bado ngumu. Zikishalegea, liache bustanini, limekupita. Kata asubuhi mapema, ndoo ya maji ikiwa mkononi. Siyo ukate shada zima, usalimiane na jirani, ndipo ukatafute maji.

*Niweke sukari au aspirini ndani ya chombo? – Nguba*

Weka maji safi, uyabadilishe kila siku. Na majani yanayozama yaondoe, ndiyo yanayonukisha.

*Mpambaji wa harusi anataka dalia kubwa kama sahani. Nipande zipi? – Papa wa Bagira*

Papa, yeye anatafuta picha, wewe unatafuta soko. Café au Lait, ile ambayo kila bibi harusi anaiota, huvuka sentimita 20, lakini petali zake huchubuka kwa kuguswa tu. Ipakie kwenye pikipiki, uvuke Bukavu kutoka Bagira hadi Ibanda, uone kitakachofika. Panda zaidi zile ndogo za duara, zenye petali zilizobanana; hizo hukaa siku kadhaa bila kudondoka. Za sahani panda chache, za oda tu.

Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake. Najua inauma, lakini ndivyo utakavyopata matawi mengi yenye vikonyo virefu. Wakati wa kuvuna, kata chini kabisa, hata tumba za pembeni zikipotea. Ua lenye kikonyo cha urefu wa kidole nani atalifunga shada? Na mpambaji akisema nafasi zilizobaki atajaza maua ya plastiki, mwambie ya plastiki hayahitaji mkulima.

*Video ya Ulaya inasema nichimbue viazi vya dalia kila mwaka. Mwezi gani? – Muhumba*

Wao wanakimbia baridi inayogandisha udongo. Bukavu haina baridi hiyo. Adui yako ni maji yanayotuama, kwa kuwa dalia asili yake ni milima ya Meksiko na viazi vyake huoza upesi kwenye udongo mzito. Panda kwenye tuta au mteremko, na miteremko hatujakosa. Kiangazi, kuanzia Juni, shina likikauka likate, usimwagilie tena. Chimbua ukitaka kugawa tu, mvua za Septemba zikikaribia. Kila kipande kiwe na shingo yenye jicho, pale chipukizi linapotokea. Wapo wanaouza viazi vinene visivyo na jicho hata moja. Hivyo havichipui kamwe. Omba kuonyeshwa jicho kabla ya kutoa pesa.

*Dalia zangu ni majani tu. Shida nini?*

Hukusema zinapata jua kiasi gani wala umeweka nini. Kama ni samadi ya kuku kila wiki, umeshajijibu: unalisha majani, siyo maua. Ila majani yakiwa na mabaka ya manjano na mche umedumaa, huenda ni virusi, na vidukari huvisambaza. Ng'oa, choma, osha mkasi kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, na usimpe shemeji kiazi cha mche huo hata akiomba kwa magoti.