Kabla ya kusaini ubia, uliza nani atapokea simu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeongoza shirika dogo la afya ya akili ya jamii aliniandikia. Shirika kubwa limemwalika waombe ruzuku kwa pamoja, na wa tatu wao atakuwa shirika linalohudumia vijana. Anauliza, "Tuingie au tuachane nayo?" Siku ile nilimjibu kwa mistari miwili, lakini moyo haukutulia. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, na nadhani wengi mnaonisoma mko mlangoni pake.

Ingieni. Kazi hii hakuna anayeiweza peke yake. Mwongozo wa 2007 wa IASC, kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine ya misaada ya kibinadamu, kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unaichora huduma kama piramidi ya ngazi nne: mahitaji ya msingi na usalama chini kabisa, kisha msaada wa familia na jamii, kisha msaada wa karibu unaotolewa na watu waliofunzwa ingawa si mabingwa, na kileleni wataalamu. Mgonjwa mmoja anaweza kuzihitaji zote ndani ya mwezi mmoja: chakula, kikundi cha kuzungumza nacho, mshauri nasaha, na daktari wa kumwandikia dawa. Ni shirika gani lina vyote hivyo chini ya paa lake?

Sisi tulialikwa vivyo hivyo. Tulikuwa na vikundi vya kusaidiana vilivyoanzishwa na watu waliowahi kuugua wenyewe, na wahudumu wa kujitolea wanaojulikana nyumba kwa nyumba. Wabia wetu walikuwa na magari, mhasibu, na mtu wa kuandika ripoti. Hati ya makubaliano ilisomeka vizuri sana. Tukasaini, tukapiga picha, tukaanza kazi.

Nikaja kujifunza ubia ni nini kupitia karatasi moja ya rufaa. Mama mmoja wa kikundi chetu, aliyefiwa na mwanawe, alipelekwa kwa mshauri wa shirika mbia. Karatasi ilikuwa na kila kitu: jina, tarehe, sababu ya rufaa. Alipofika, aliyekaa mapokezi akamwambia aeleze shida yake. Akaeleza, watu wakiwa kwenye benchi nyuma yake wanasikia. Akaingizwa ndani, akakuta mshauri aliyetajwa yuko likizo, na aliyeshika nafasi yake hajaona karatasi yoyote. "Haya mama, tuanze mwanzo." Mama akainuka akaondoka. Alirudi kwetu na karatasi ile ile, ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama stempu, akaiweka mezani. "Mwanangu, huyu mtoto nimeshamzika. Nitamzika mara ngapi?"

Nilikaa nayo siku nyingi sentensi ile. Tuliyofanya baadaye hayakuhitaji fedha za mfadhili. Kabla ya rufaa tunamwuliza mhusika ni yapi anaridhia yasemwe na yapi yabaki kwetu. Tunampigia simu mshauri mwenyewe, kwa jina, si ofisi. Kisha mhudumu wetu anamsindikiza mpaka mlangoni, na siku chache baadaye tunauliza kama alionwa. Yule mama alikubali kurudi. Naliandika hili kwa fahari, maana wahudumu wetu ndio waliolibuni, na wabia wetu wakaliiga baadaye.

Jambo la pili ni vipimo. Sisi tulitumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (huzuni kali), maswali tisa yenye alama kuanzia 0 hadi 27. Wenzetu walitumia SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani, inayopima msongo wa akili kwa ujumla, maswali ishirini ya ndiyo au hapana. Ripoti ya kwanza ilipoandikwa, majibu yakajumlishwa katika jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja, na waliohudumiwa na mashirika yote mawili wakahesabiwa mara mbili. Kubalianeni kipimo mapema. Na zaidi ya hapo, swali la tisa la PHQ-9 linagusa mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Ukimfundisha mhudumu kuuliza swali hilo, lazima ajue jibu likiwa ndiyo, Ijumaa jioni ofisi zimefungwa, anampigia nani. Jina na namba. Kama hati yenu ina kurasa nyingi lakini hilo halimo, hamjawa tayari.

Sasa nilifikie linaloniuma hadi leo. Ripoti ya mwisho ilitoka na picha ya kikundi chetu kwenye jalada, chini ya nembo ya shirika lile kubwa. Jina letu halikuwamo. Hilo ningelimeza. Lakini nyuso zilionekana wazi, na hakuna aliyeulizwa. Dada mmoja kwenye picha ile alikuwa hajawaambia hata wakwe zake kwamba anatumia dawa. Aliacha kuja kikundini. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba picha ilipigwa "katika shughuli ya ubia". Ndugu zangu, siri ya mgonjwa si mali ya ubia! Anayeitoa bila ridhaa amevunja kitu ambacho hakuna ruzuku inayoweza kukinunua tena, na sisi tunaojiita watetezi wa wanaonyanyapaliwa tunapaswa kuwa wa kwanza kuona aibu.

Mwisho ni bajeti. Wengi hutaja Friendship Bench ya Zimbabwe, mpango wa mabibi waliofunzwa kuwashauri watu wakiwa wameketi kwenye benchi, ulioanza 2006 na bibi 14 wa Mbare, kitongoji cha Harare, kama ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kutoa tiba. Ni kweli wanaweza, na utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA ulionyesha hivyo. Lakini wale bibi walifunzwa, na wana wasimamizi wa kuwasikiliza na wataalamu wa kuwapokelea wagonjwa waliozidiwa. Katika ubia wetu fungu la mafunzo lilikuwepo. La usimamizi halikuwepo kabisa. Wahudumu walibeba vilio vya watu mpaka wakaanza kukosa usingizi wao wenyewe.

Kwa hiyo, dada, kabla hujasaini waombe bajeti nzima, si ukurasa wenu tu. Tafuta fungu la usimamizi na nauli ya kusindikiza wagonjwa. Omba kifungu cha picha na ridhaa kiandikwe. Wakikataa kukuonyesha bajeti, niandikie tena kabla ya kuwajibu.