Pesa ya Julai ifike Oktoba: kwa wanaosubiri kuanza chuo

Mwanafunzi anayetoka katika kaya ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini huingia chuo akiwa amebanwa na kalenda mbili zisizopatana. Kalenda ya shamba huleta fedha nyumbani kati ya Juni na Agosti, wakati mahindi yanapovunwa, mpunga wa Kyela na Mbarali umekwisha kupigwa na kahawa ya Mbozi inachumwa. Kalenda ya vyuo vikuu hudai fedha mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, wakati mzazi yuleyule anatayarisha shamba, ananunua mbegu na mbolea kabla mvua hazijashika, na kila shilingi iliyomo ndani imekwisha kupangiwa kazi. Anayengoja hadi wiki ya kufungasha ndipo aombe fedha za matumizi huwa anaziomba katika mwezi mgumu kuliko yote, na jibu la "tutakutumia ukishafika" halitokani na ubahili. Kwa hiyo, wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, swali la kwanza si mtapata wapi pesa. Ni namna gani pesa ya Julai itafika Oktoba ikiwa bado pesa.

Nilisoma hapa Mbeya, nikabaki kufanya kazi hapahapa, na kila mwaka hupokea vijana wa ukoo na wa kijijini wanaokuja kuripoti katika vyuo vya jijini. Wengi hufika wakiamini kwamba wakishapangiwa mkopo, matumizi yamekwisha kutatuliwa. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, na hutolewa kwa mikupuo. Lakini mkupuo wa kwanza haukungojei getini. Ni lazima kwanza usajiliwe, namba ya akaunti yako iwe sahihi, na usaini kuthibitisha kwamba upo chuoni; na usajili wenyewe una malipo yake, ikiwemo bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa asiye na kadi. Siku hizo zote unakula, unapanda daladala na unatoa nakala za karatasi kwa fedha yako mwenyewe.

Ndiyo maana nawashauri msiweke akiba "ya chuo" kwa ujumla, kwa sababu kiasi hicho hakina mwisho na humkatisha mtu tamaa kabla hajaanza. Wekeni akiba ya wiki sita za kwanza. Tuchukue mfano wa kijana anayekadiria shilingi 5,000 kwa siku kwa chakula na mambo madogo: wiki sita na siku tatu za tahadhari, yaani siku 45, zitahitaji 225,000; ukiongeza bima, inakuwa 275,400; ukiongeza nauli na godoro, unaikaribia laki tatu na nusu. Kiasi hicho ni kikubwa kwa mtu asiye na ajira, lakini kinaonekana mwisho wake, na kinaweza kugawanywa kwa wiki zilizobaki.

Wiki hizo, hata hivyo, si nyingi kama zinavyoonekana. Baada ya mtihani wa Mei, wengi wenu mtaitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengine hapahapa kwetu Mafinga au Itende, na mtakaporudi muda uliobaki kabla ya chuo kufunguliwa utakuwa mfupi. Katikati ya hayo kuna maombi ya chuo na ya mkopo, nayo yana gharama: ada ya maombi ya mkopo peke yake kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000, na bado kuna kuhakiki cheti cha kuzaliwa na kulipia huduma za intaneti stesheneri. Nimeona vijana wakila akiba yao yote kwenye maombi, kisha wakashangaa imekwenda wapi. Fedha ya maombi iombeni kwa mzazi mapema, na ijulikane kwamba ni fungu lake peke yake.

Kuhusu kazi, kanda yetu ina bahati ya kuwa na vibarua vya msimu ambavyo havidai cheti. Kule Umalila na Uporoto, viazi mviringo hung'olewa, huchambuliwa vikubwa kwa vidogo na kujazwa magunia, na kibarua hulipwa kwa gunia au kwa siku. Nawashauri wale wenye nguvu wachague malipo ya gunia, lakini wakubaliane na tajiri kabla ya kuinama shambani kuhusu ukubwa wa gunia lenyewe. Likifungwa lumbesa, yaani likajazwa kupita mdomo wake, unakuwa umejaza gunia moja na zaidi kwa ujira wa gunia moja. Ilula kuna nyanya, Mufindi na Rungwe kuna chai, Njombe kuna parachichi. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale huleta kazi za siku chache za kusimamia mabanda, kubeba bidhaa na kuuza vyakula, ila nafasi hizo hutafutwa Julai. Ukienda kuuliza tarehe moja Agosti utakuta watu wamekwisha kupangwa. Kazi yoyote mtakayoifanya, chukueni ujira wenu kila siku au kila wiki. Ujira uliolimbikizwa kwa tajiri hadi mwisho wa msimu ni deni, na deni la kibarua ni jepesi kusahauliwa.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi kuliko kutafuta. Fedha iliyoko kwenye simu ni rahisi kuiongeza na ni rahisi zaidi kuipunguza: makato ya kutoa huila kidogo kidogo, mikopo ya simu hujikata yenyewe pesa inapoingia, na mikeka ya kubeti iko umbali wa kubonyeza mara mbili. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ni mahali pazuri, isipokuwa kwamba vikundi vingi huvunja na kugawana fedha mwezi Desemba, na wewe unahitaji fedha yako Oktoba. Ulizeni tarehe ya kuvunja kabla ya kununua hisa. Kibubu cha nyumbani kinajulikana na kila aliyemo nyumbani, na mtoto wa mdogo wako akiugua usiku utakivunja, nawe utakuwa umefanya sawa.

Njia ninayoiamini ni kugawa. Nusu iende benki, katika akaunti ambayo mtaihitaji kwa vyovyote kwa ajili ya mkopo, na hapo hakikisheni jina la kwenye kitambulisho cha taifa (cha NIDA) linafanana herufi kwa herufi na la kwenye vyeti vya shule, kwani herufi moja inaweza kuchelewesha bumu. Nusu nyingine, kwa wenye ghala kavu nyumbani, inaweza kukaa kama mahindi. Bei kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri miezi inavyosogea, kwa hiyo magunia mawili uliyoyaweka Julai huwa na thamani zaidi siku ya kuondoka. Lakini yakaushwe vizuri na yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hana habari na ndoto zako za chuo. Na usiweke akiba yote humo, kwa sababu bei ya mahindi hufuata pia masoko ya ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, upande wa Zambia, na maamuzi ya serikali, mambo yasiyo mikononi mwako. Gunia moja, hata hivyo, usiliuze kabisa: lisage, uende nalo chuoni pamoja na maharage.

Ahadi za wajomba na mashangazi nazo zina msimu wake. Mwendeeni mjomba Agosti, akiwa ametoka kuuza, na mumwombe kitu badala ya pesa taslimu, kama godoro, ndoo, jiko dogo la gesi au blanketi zito, hasa kama mnakwenda kusoma Mbeya, Iringa au Njombe mkitokea maeneo ya joto ya Kyela na Usangu. Kitu kikishanunuliwa hakirudi kuwa mbolea.

Kwa watakaopanga mtaani, tafuteni chumba Septemba. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali hudai chake juu ya hapo, hivyo gharama hii itenganishwe na zile wiki sita na ijadiliwe na mzazi wakati wa mavuno. Wawili katika chumba kimoja si aibu. Simu mpya na kompyuta mpakato zingoje hadi mjue kozi yenu inadai nini.

Bumu la kwanza likiingia, kabla ya kununua chochote, rudisheni benki kiasi mlichokula katika akiba. Muhula wa pili huangukia miezi ambayo nyumbani mahindi bado mabichi shambani na ghala linaelekea kuisha, na malipo ya mkopo yakichelewa tena Machi, hakuna mtu kijijini atakayekuwa na cha kuwatumia.