Nani akuandikie barua ya kuomba udaktari wa meno?

SWALI: Nimemaliza shahada ya sayansi na ualimu, kemia na baiolojia, pale Mkwawa. Nataka kuomba shule za udaktari wa meno Marekani. Baba mdogo ana rafiki yake mkubwa serikalini anayesema atanipatia barua nzito. Rafiki zangu wanasema nitafute wahadhiri. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Wasikilize rafiki zako, na baba mdogo umshukuru kwa heshima. Maombi ya karibu shule zote za meno Marekani hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni unaoitwa AADSAS, nao unapokea barua zisizozidi nne. Mpangilio unaotakiwa na shule nyingi ni wahadhiri wawili wa masomo ya sayansi waliokufundisha na kukupa alama, pamoja na daktari wa meno mmoja. Nafasi ya nne ni yako kuamua. Kwa aliyesomea ualimu kama wewe, tungeitoa kwa mwalimu aliyekusimamia kwenye mazoezi ya kufundisha, maana daktari wa meno hushinda akiwaeleza watu wenye hofu mambo wasiyoyajua, na huyo amekuona ukieleza. Barua za ndugu shule nyingi hazizipokei kabisa. Barua ya mkubwa asiyekujua inapokelewa, ila inakula nafasi moja kati ya nne bila kusema lolote.

Tazama tofauti. Barua ya kwanza: "Ni kijana mwenye bidii, nidhamu na anayetoka familia njema." Sentensi hiyo ingemfaa mtu yeyote. Ya pili: "Katika titresheni, usomaji wake wa kwanza na wa pili ulitofautiana. Hakuchagua ule uliokaribia jibu la kitabu. Alikagua vifaa, akakuta kiputo cha hewa kwenye ncha ya byureti, akakitoa na kuanza upya bila kuambiwa." Anayesoma barua ya pili ameshaona mikono ya mwombaji na uaminifu wake kwa pamoja. Barua kama hiyo haiandikwi na mtu aliyekusikia kwa baba mdogo. Anayeiandika ni yule aliyekuwa amesimama maabara siku ile, hata kama ni mhadhiri msaidizi. Ukiwa na profesa aliyekupa A bila kukujua jina na mhadhiri wa kawaida aliyekupa B+ akakuona mwaka mzima, chukua wa B+.

Kabla hujamsumbua mhadhiri yeyote, hakikisha jambo moja: shule nyingi za huko hutaka masomo ya msingi ya sayansi, yote au sehemu yake, yawe yamesomwa Marekani au Kanada. Soma masharti ya kila shule kwanza. Ukilazimika kwenda kusoma mwaka mmoja au miwili huko, basi angalau barua moja itatoka kwa walimu wa huko, na ya Mkwawa itakuwa ya pili.

SWALI: Darasani tulikuwa wengi mno na mhadhiri wangu wa baiolojia sidhani kama ananikumbuka. Nimwombeje?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Nenda ofisini kwake, usianze na ujumbe wa simu. Muulize hivi: "Mwalimu, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri ya kuomba udaktari wa meno?" Swali hilo linampa njia ya kukataa bila aibu. Akisitasita, akisema "nitaona" huku anatazama pembeni, shukuru uondoke. Barua ya baridi ni mbaya kuliko kukosa barua, na ikishapakiwa kwenye mfumo huwezi kuitoa wala kuibadilisha.

Akikubali, mpelekee bahasha siku hiyohiyo: wasifu wa ukurasa mmoja, matokeo yako yote, aya moja ya kwa nini meno na si udaktari mwingine, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na karatasi ya kumkumbusha mambo matatu au manne uliyofanya mbele yake. Usiandike "nilishiriki vizuri". Andika ni zoezi gani, muhula gani, ulikosea wapi na ulirekebishaje. Ripoti yako ya maabara aliyoisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe ni ukumbusho mzuri kuliko wote, kwa hiyo toa nakala uiweke humo.

Kuhusu muda, AADSAS hufunguliwa Mei na maombi huanza kupokelewa wiki chache baadaye. Shule nyingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayechelewa hukuta nafasi zimepungua. Omba barua Machi, kabla wahadhiri hawajazama kwenye mitihani na usahihishaji. Wape wiki sita hadi nane, ukumbushe mara moja wiki mbili kabla ya tarehe.

Barua huipeleki wewe. Unaandika anwani ya baruapepe ya mhadhiri kwenye maombi, mfumo unamtumia kiungo, naye anapakia barua iliyo kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, yenye saini na tarehe. Hapa ndipo barua nyingi hupotelea: kiungo huangukia kwenye kisanduku cha barua taka na kila mmoja anadhani mwenzake amelala. Tumia baruapepe ya chuo kama anayo, maana anwani ya binafsi huzua maswali. Mpigie siku uliyotuma kiungo, mwombe akitafute mpaka akione. Maombi yako unaweza kuyawasilisha wakati barua bado ziko njiani. Usiyazuie kwa sababu hiyo.

Mfumo utakuuliza pia kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya 1974. Achia. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma, wasomaji wa huko huipa uzito mdogo.

SWALI: Mhadhiri kaniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini. Ni sawa?
Msomaji, Makambako

JIBU: Hapana, ingawa tunajua jambo hili limezoeleka. Ukiandika mbili za namna hiyo, mtindo wako utajirudia katika zote na msomaji makini atauona. Kuanzia hapo hataamini chochote kwenye faili lako. Mjibu kwa upole: "Mwalimu, nitakuandalia muhtasari usipoteze muda, ila maneno naomba yawe yako." Wengi hukubali, kwa sababu kilichowachosha ni kukumbuka. Akikataa, tafuta mwingine.

SWALI: Hapa mjini ninayemfahamu ni tabibu wa meno mwenye diploma. Barua yake itafaa?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Inafaa kama barua ya nne. Ile nafasi ya daktari wa meno wanamaanisha mwenye shahada, kwa hiyo mwombe tabibu akutambulishe kwa daktari wa kinywa na meno aliye hospitali ya mkoa au ya rufaa Mbeya, upewe ruhusa ya kukaa kliniki na kutazama. Saa 100 ndicho kipimo kinachotajwa mara nyingi. Nusu siku mbili kwa wiki, saa nne kila moja, zinakufikisha hapo kwa takribani miezi mitatu. Kuwa na daftari: tarehe, saa, ulichoona, iwe kuziba, kung'oa, kutibu mzizi au kusafisha ugaga, na swali moja ulilomuuliza daktari. Usiandike jina la mgonjwa. Siku ya kuomba barua, mpe daktari daftari hilo alisome.

SWALI: Niko kidato cha sita, nataka kusomea meno Muhimbili. Nianze kutafuta barua?
Msomaji, Njombe

JIBU: Bado. Shahada hiyo ya miaka mitano huangalia ufaulu wako wa fizikia, kemia na baiolojia. Barua utakutana nazo ukiomba uzamili au udhamini wa kusoma nje. Kwa sasa rudi kwenye kemia.