Jumamosi geti halifunguliwi: kwa anayetaka kwenda kaburini kwa Spock

Mkuu, usilipe. Na kama umeshalipa, dai hela yako leo hii kabla huyo jamaa hajabadilisha namba.

Nimesoma swali lako, nikainuka nikaenda kunywa maji kwanza. Unasema una semina San Diego inayoisha Ijumaa, Jumamosi unapanda basi kwenda Los Angeles kutembelea kaburi la Leonard Nimoy, yule mwigizaji wa Spock kwenye Star Trek, Jumapili alfajiri unaruka kurudi Dar. Kuna "mwenyeji" amekuahidi kukuzungusha kwenye makaburi ya mastaa kwa gari yake, unatanguliza nusu. Ukauliza pia habari za hoteli, baridi, kama mtu anaweza kuingia studio walikorekodia, na binti yako aanze na Star Trek ipi. Hayo nitayafikia.

Kwanza Jumamosi. Nimoy alikuwa Myahudi. Amezikwa Hillside Memorial Park, jirani na Culver City, na hayo ni makaburi ya Kiyahudi. Jumamosi yanafungwa. Sisemi wanafungua nusu siku, wala sisemi kuna kimlango cha pembeni. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama na inaisha Jumamosi usiku, na katikati hapo hakuna kuzika, hakuna ofisi, na hakuna mlinzi wa kumpa ya soda. Kama huniamini mimi, mwamini marehemu: alifariki Ijumaa, tarehe 27 Februari 2015, akazikwa Jumapili tarehe 1 Machi. Wayahudi wana desturi ya kuzika haraka kama sisi Waislamu, lakini Jumamosi waliiruka. Yaani Spock mwenyewe hakuingia hapo Jumamosi, wewe ndiye utakayeingia na begi la semina?

Najua kwa sababu nimesimama nje ya geti hilo na maua mkononi.

Nilitoka Houston kwa ndege, nimemburuta na shemeji yenu ambaye hajawahi kumaliza hata kipindi kimoja cha Star Trek na aliyekuwa anaota bahari ya Santa Monica. Mwenyeji wetu tulimpata kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa California. Alijitambulisha kuwa yuko Los Angeles tangu enzi za Mkapa na hakuna kichochoro asichokijua. Nikamuuliza, kwa maandishi kabisa, kama Jumamosi ni sawa. Akanijibu kwa sauti, huku anacheka: "Kaka, makaburi hayana likizo, wale wanaenda wapi?" Nikacheka na mimi. Nikatuma hela. Sikumwuliza mtu mwingine yeyote, na namba ya ofisi ya makaburi iko wazi mtandaoni, mtoto wa darasa la nne angeipata.

Asubuhi akatupeleka kwanza Hollywood Boulevard, "kupasha moto". Pale kuna nyota ya heshima yenye jina la Nimoy chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, watu wanaikanyaga wakiwa na barafu za koni. Akatupiga picha, akasema tukitaka tunaweza kuweka maua hapohapo, kwamba "ni kama kaburi tu". Ilibidi nishtuke hapo. Sikushtuka. Akaingia kituo cha mafuta, akanunua kahawa yake kwa hela yangu, mimi nikanunua maua yaliyofungwa kwenye nailoni, yale ya manjano yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Foleni ya Los Angeles unaisikia tu, mkuu, usiombe. Tulipofika Hillside maua yalikuwa yameshalala kichwa chini kama mtu anayetafuta hereni.

Geti limefungwa. Ndani unaona majani yamekatwa vizuri, kimya, hakuna hata gari moja. Kwa mbali linaonekana lile jengo la kaburi la Al Jolson, mwimbaji wa zamani, kuba jeupe juu ya nguzo na maji yanaporomoka mbele yake, ambalo hata ukiwa barabara kuu ya 405 unaliona. (Lilichorwa na Paul R. Williams, msanifu majengo Mweusi aliyechora nyumba nyingi za mastaa wa mji ule enzi ambazo baadhi ya mitaa isingemruhusu yeye kuishi. Siku moja nitamwandikia uzi wake.) Mwenyeji wetu akashuka, akalishika geti, akalitikisa kidogo kama anajaribu mlango wa choo. Akarudi akasema: "Hee. Leo wamefunga."

Leo wamefunga! Kama vile jana na kesho yake dunia iliwahi kuwa tofauti. Mtu anayeuza ziara za makaburi Los Angeles hajui Sabato ni nini! Ni sawa na dalali wa nyama ya nguruwe kupanga mnada Zanzibar mchana wa Ramadhani. Nikamwambia anirudishie hela. Akasema muda wake umetumika, mafuta yametumika, na tena nimemchelewesha abiria wa uwanja wa ndege. Halafu akanipa ushauri ambao mpaka leo shemeji yenu akikasirika ananirushia: "Piga picha hapo getini, nani atajua?"

Ndege yetu ilikuwa usiku uleule. Hesabu mwenyewe: tiketi za watu wawili, chakula, ziara, na maua ambayo niliishia kumpa mhudumu wa kaunta uwanjani. Pale LAX, uwanja wa ndege wa Los Angeles, kama hukujua, ni karibu sana na Hillside. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki jirani kabisa na mtu niliyemfuata, nikila andazi la dola saba.

Subiri, hakuishia hapo. Kututuliza akasema anatupeleka makaburi mengine "walikolala wenzake wote, Scotty na yule daktari na Uhura, wamezikwa mstari mmoja". Huu ndio uongo ulionifanya nimfute kabisa kwenye simu, kwa sababu hapo alimgusa shabiki. DeForest Kelley, Daktari McCoy, alifariki 1999, akachomwa na majivu yake yakamwagwa Pasifiki. James Doohan, Scotty wetu, alifariki 2005, na sehemu ya majivu yake imesumbuka angani kuliko yeye alivyosumbuka na injini za Enterprise, chombo chao cha angani: roketi ya 2008 iliyoyabeba haikufika kwenye mzingo, mengine yakafanikiwa kupanda 2012. Na Nichelle Nichols, Uhura, mwenye jina letu kabisa, alifariki 2022, na Januari 2024 sehemu ya mabaki yake ilirushwa kwenda anga za mbali. Roketi iliyombeba inaitwa Vulcan. Ndiyo, kama sayari ya Spock. Sasa huyo bwana alitaka kunionyesha kaburi la nani? Ukimsikia wako naye anasema "wote wako pamoja", ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na hakuna mbuzi.

Katika wale wanne, mwenye mahali pa kusimama ukasema "hapa" ni Nimoy. Ndiyo maana nikarudi.

Kwa nini nirudi kwa mtu aliyevaa masikio ya bandia? Wengine humu mtacheka, chekeni. Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye kanda za mjomba, Kariakoo, picha zenye chenga mpaka huwezi kujua damu ya nani ni ya kijani. Nilipofika Marekani ndipo nikamwelewa. Spock ni mtoto wa baba wa Vulcan na mama wa kibinadamu, kule anaonekana mtu wa huku, huku anaonekana mtu wa kule. Mwaka 1968 binti mmoja mwenye mzazi Mweusi na mzazi Mzungu alimwandikia Spock kupitia gazeti la vijana, akisema naye hana upande, weusi hawamtaki na weupe hawamtaki. Nimoy alijibu, jibu refu, likachapishwa: akamweleza Spock alivyoumizwa na wenzake utotoni, na jinsi alivyoamua kutotafuta kupendwa na kila mtu bali kujijua yeye ni nani. Mtu alikuwa na mfululizo wa kurekodi kila wiki, akakaa kumjibu mtoto. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wahamiaji kutoka Iziaslav, Ukraine ya leo, baba kinyozi, Boston, nyumbani Kiyidi. Hakuwa anaigiza yale.

Na katuni za Star Trek za 1973: waandaaji walitaka kuwaacha nje Nichols na George Takei ili kubana matumizi. Nimoy akasema bila hao wawili na yeye hayumo. Wakarudishwa. Haya hayapo kwenye ziara ya nusu-nusu ya mwenyeji wako.

Safari iliyofanikiwa nilianza na simu. Nilipiga Hillside mwenyewe, akapokea mama mmoja mpole, nikamwambia nataka kumtembelea Nimoy, siku gani ni nzuri. Akanitajia siku, akanitajia sikukuu ya kuepuka, akaniambia nikifika nianzie ofisini. Simu haikufika dakika tatu na haikunigharimu kitu. Nilikwenda Jumapili. Ofisini nikapewa karatasi yenye ramani, yule mama akachora mstari kwa kalamu ya bluu mpaka kwenye kaburi, akazungushia duara. Maua hakuniuliza. Kwa Wayahudi desturi ni kijiwe: unaokota kijiwe, unakiweka juu ya jiwe la kaburi, watu wajue kuna mtu amekuja. Vilikuwepo vingi, vikubwa kwa vidogo, na kimoja kimechorwa kwa kalamu ya wino ile saluti ya Spock, vidole viwili huku na viwili kule. Changu nilikitoa kwenye maegesho ya magari, sikuwa nimejiandaa hapo pia.

Na hiyo saluti tahadhari nayo. Ukiona mikono ya namna hiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi la Kiyahudi, usianze kupiga kelele kwamba umempata shabiki mwenzako. Ni alama ya ukoo wa makuhani. Nimoy aliiona sinagogi akiwa mtoto, makuhani wakibariki watu. Aliambiwa asitazame, akachungulia, na miaka mingi baadaye, mwaka 1967, akaipeleka kwenye televisheni. Siku niliyokwenda palikuwa na maziko upande wa pili, na kijana mmoja kavaa shati la bluu la Enterprise ameinua mkono juu anapigwa picha huku watu wanalia. Nilitamani ardhi ipasuke immeze. Fanya yako kimyakimya uondoke.

Sasa rudi kwenye ratiba yako. Jumamosi futa. Ijumaa, semina ikiisha mchana, kutoka San Diego mpaka pale ni kama kilomita 190 na foleni ya Ijumaa haina huruma, utafika Sabato inakaribia kuingia. Jumapili alfajiri unaruka. Kwa hiyo kama ulivyoipanga, hufiki. Na umesema ni mwanzoni mwa mwezi wa kumi: hapo ndipo sikukuu zao zinapofuatana, mwaka mpya wao, Yom Kippur, Sukkot, na tarehe zinahama kila mwaka kwa sababu wanafuata kalenda yao, kama Idi inavyohama. Inawezekana hata siku ya katikati ya juma ikawa imefungwa. Mimi sitakutajia saa wala tarehe, na usikubali kutajiwa na mtu yeyote humu, hata mwenye alama ya dhahabu kwenye jina. Piga simu ofisi ya makaburi wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hujalipa hata senti. Kiingereza kikigoma, niandikie faragha nitakupigia mimi.

Usijione mnyonge sana lakini. Hata William Shatner, Kapteni Kirk mwenyewe, hakufika kwenye mazishi. Alikuwa Florida kwenye hafla ya hisani ya Msalaba Mwekundu Jumamosi usiku, mazishi Jumapili, hakuwahi. Mtandao ulimchana vibaya.

Hoteli sijui, nilikuwa nalala kwa ndugu. Studio pia sijawahi kwenda, wadau watakujibu. Kuhusu binti yako nimeona kuna mtu hapo juu ameshaandika aanze na zile mpya, mimi sikubaliani lakini sasa hivi sina nguvu za ugomvi huo.

Semina yako haiwezi kusogezwa ukabaki mpaka Jumatatu? Tiketi ni ya shirika gani, inabadilishika? Weka hapa tuone.