Jibu: Kutafsiri mtihani wa kusoma wa kimataifa kwa Gredi ya 4

Mwalimu wa Kisauni, umeuliza kama unaweza kutafsiri kwa Kiswahili zoezi la PIRLS, mtihani wa kimataifa wa kusoma, kisha ulinganishe darasa lako na watoto wa nchi nyingine. Kutafsiri kwa ajili ya darasa, sawa, mradi kifungu kiwe kimetolewa kwa umma. Kulinganisha, hapana, kwa sababu tafsiri rasmi hupitia hatua ambazo yako haitapitia.

PIRLS hufanywa kila miaka 5 tangu 2001, na tafsiri ya kila nchi hupitiwa na mhakiki wa kujitegemea, kisha hujaribiwa shuleni kabla ya mtihani wenyewe. Afrika Kusini mwaka 2016 iliuandaa kwa lugha 11, kazi ya kuheshimiwa sana.

Hatari kubwa iko kwenye maswali. Tuseme hadithi inasema, "Zuhura aliogopa mawimbi, akakataa kupanda feri," na jibu sahihi ni "alikuwa na hofu ya bahari." Hapo mtoto lazima aelewe. Ukiandika "aliogopa mawimbi" kwenye jibu, atalichagua kwa macho tu, na wewe utadhani anasoma vizuri. Angalia urefu pia: jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, watoto hulishtukia upesi.

Na kama unapima kasi ya kusoma kwa dakika, usitafsiri kabisa. Tunga hadithi mpya. Maneno yetu hubeba viambishi vingi, kwa hiyo hesabu ya maneno kwa dakika hailingani na ya Kiingereza.

Anza na wanafunzi wachache wa darasa jirani, uwaulize mmoja mmoja kwa nini wamechagua jibu hilo.