Safari ya kwanza ya njia mbovu na kundi: jiandae kusaidika

Anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya porini na kundi la magari huwa ananiuliza anunue nini. Anatarajia nimtajie winchi (mashine ya kulivuta gari kwa waya au kamba), tairi kubwa zenye meno, taa za juu ya keria. Jibu langu huwa linamkatisha tamaa: kwa safari ya kwanza, nunua vichache tu. Mgeni atakwama. Mwenyeji naye atakwama, na hakuna atakayemcheka mtu kwa hilo. Kinacholiudhi kundi ni gari lililokwama na halisaidiki. Halina mahali pa kufunga kamba, tairi lake la akiba halina upepo, na dereva wake hajawahi kuingiza gia ya chini tangu alinunue. Kwa hiyo karibu kila ninachokishauri hapa kinalenga jambo moja: ukikwama, unasuliwe haraka na kwa usalama.

Anza na mahali pa kufunga kamba. Siku moja nyumbani, gari likiwa safi na limepoa, lala chini uangalie mbele na nyuma. Unatafuta ndoano au pete nene iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvutwa. Usidanganywe na zile pete nyembamba ambazo magari mengi huja nazo kwa ajili ya kufungwa yasisogee yakisafirishwa melini au juu ya lori. Kwa macho zinafanana, ila hazikukusudiwa kung'oa gari la tani mbili kwenye tope. Magari mengine yana pete ya kuzungushia inayokaa pamoja na jeki, na tundu lake liko nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bampa. Hiyo ni ya kulivuta taratibu barabarani gari lililoharibika, haikutengenezwa kwa mshtuko wa kamba inayonyumbuka. Ukiwa na shaka, fungua kitabu cha gari, au muulize kiongozi wa msafara akuangalizie kabla ya siku ya safari.

Na ile bolti yenye kichwa cha duara ya kufungia trela usiifungie kamba ya kunasulia hata siku moja, hata kama anayekuambia ni mtu mwenye gari kubwa kuliko lote. Bolti hiyo ikikatika wakati kamba imevutika, kile kipande cha chuma huruka kama risasi, kinapita kioo cha gari na kila kilicho nyuma yake. Watu wamekufa hivyo.

Niliwahi kusimama kandoni mwa dimbwi nikiwatazama jamaa wawili waliolala kifudifudi, mikono imezama mpaka mabegani, wakipapasa chini ya bampa kuitafuta pete kwa vidole. Mwenye gari amekaa kwenye usukani, ameteremsha kioo, kila wakimuuliza anajibu, "Nadhani iko upande wa kulia." Ilikuwa kushoto. Kulivuta gari lenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuitafuta hiyo pete. Tangu hapo nikimwona mgeni anakaribia tope refu namwambia afunge shakeli yake (kiungo cha chuma chenye pini cha kuunganishia kamba na gari) kabla hajaingia, na kamba ailaze juu ya boneti au aining'inize kwenye kioo cha pembeni, mahali ambapo mtu ataifikia bila kupiga mbizi.

Kuhusu shakeli: iwe na maandishi ya uzito inaoubeba yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Isiyo na maandishi ni pambo. Pini ukishaikaza mpaka mwisho, irudishe kidogo, kama robo mzunguko, la sivyo baada ya kuvutwa itang'ang'ania na hutaifungua kwa mkono. Kamba nazo ni za aina mbili na si vizuri kuzichanganya. Ipo inayonyumbuka, ambayo hurefuka hadi karibu asilimia 30 na kuling'oa gari kwa nguvu ya kurudi kwake. Ipo isiyorefuka, ya kuvuta taratibu. Ukitumia isiyorefuka kwa kukimbilia, kitu kitang'oka. Usiunge kamba mbili kwa kipande cha chuma katikati. Watu wote wasio na kazi wasogee pembeni kwa umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kutupia koti zito au begi juu ya kamba kunasaidia kuitua chini ikikatika, ila kusikufanye usogee karibu.

Winchi? Iache kwa sasa. Mwenye winchi asiyeijua ananitia hofu kuliko asiye nayo.

Sasa tairi, maana hapa ndipo tofauti kubwa inapopatikana kwa gharama ndogo. Barabarani gari nyingi za aina hii hutembea na upepo wa PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 36, na kiwango cha gari lako kwa kawaida kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukiingia kwenye mawe na changarawe mbaya, teremsha hadi karibu 25. Kwenye mchanga, 18. Mchanga ukiwa mzito unaweza kufika 15, lakini chini ya hapo tairi la kawaida linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa ghafla. Upepo ukipungua tairi linalala, alama yake ardhini inakuwa ndefu, uzito unatawanyika na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia shimo. Juu ya mawe, tairi laini hulikumbatia jiwe lenye ncha ambalo tairi gumu lingetoboka kwalo. Nimeona gari la kawaida kabisa likipanda mchanga ambao dakika tano kabla lilikuwa limezikwa hadi ekseli, na kilichobadilika ni upepo tu. Bei yake ni mwendo: tairi laini hupata joto haraka, kwa hiyo punguza kasi na uzungushe usukani kwa upole.

Uje na kipimo chako cha upepo, na pampu yako kama unaweza. Msafara wa magari manane wenye pampu moja hutumia muda mwingi umesimama ukisubiri zamu. Pampu zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti nyingi ni dhaifu na huunguza fyuzi. Chukua ile yenye vibanio vya kushika betri moja kwa moja, na uache injini ikiwaka unapojaza. Kipimo kiwe ni kilekile siku zote, kwa sababu viwili havikubaliani na mabishano ya nani yuko sahihi hayana mwisho.

Tairi la akiba literemshe nyumbani. Lile linaloning'inia chini ya gari kwa mnyororo hushikwa na kutu, na hutaki kuligundua hilo ukiwa umelala kwenye mawe. Lipime upepo, kisha badilisha tairi moja kamili kwa vifaa vyako mwenyewe, si vya fundi. Hapo ndipo utajua kama wilispana yako ni fupi mno, kama ule ufunguo wa nati za kuzuia wizi upo, na kama jeki inafika juu ya kutosha. Beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwani kwenye ardhi laini jeki huzama badala ya kuinua. Na ukishabadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kutembea kidogo.

Mengine ya gari ni ya kawaida: sevisi ifanyike mapema wala si usiku wa kuamkia safari, mipira ya rejeta na mikanda iangaliwe, betri iwe imefungwa isicheze, oili na maji viwe sawa. Mafuta ndiyo watu hukosea hesabu. Kwenye gia ya chini, kwa mwendo wa kutambaa, gari linaweza kunywa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kawaida yake. Muulize kiongozi urefu wa njia, upige hesabu hiyo, kisha uongeze.

Mizigo mizito ikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Juu ya keria weka vyepesi tu, kwa sababu kila kilo ya juu inalivuta gari upande pale njia inapoinama. Ndani kusiwe na kitu kinachotembea. Jeki isiyofungwa itakukumbusha ilipo kwenye mteremko wa kwanza. Kizima moto kikae mkono wa dereva unapofika, kisizikwe chini ya mabegi, na ukipita kwenye nyasi kavu simama mara mojamoja uchungulie bomba la moshi. Nyasi zilizokwama hapo zinaweza kuwaka moto.

Kabla ya safari tafuta kiwanja cha vumbi ujizoeze gia. Kwenye magari mengi ili uingize 4L (gia ya chini ya magurudumu yote manne) lazima usimame, uweke huru, kisha ndipo uhamishe. Mengine yanakubali ukiwa unajikokota taratibu. Mfumo ambao haujatumika muda mrefu unaweza kugoma, na kiwanjani ndipo pa kuligundua hilo. Usifanye mazoezi haya kwenye lami kavu kama gari lako halina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti, na lami haiyaachi yateleze, kwa hiyo vyuma vinajikaza vyenyewe kwa vyenyewe. Kuteremka: gia ya kwanza ya 4L, mguu mbali na klachi, acha injini ilishike gari. Kupanda kukishindikana: ingiza rivasi urudi nyuma moja kwa moja kwa njia ileile. Kishawishi cha kugeuza gari katikati ya mlima ndicho kinachopindua watu. Na vidole gumba vikae nje ya usukani. Gurudumu likigonga jiwe, usukani huzunguka wenyewe na unaweza kuvunja kidole kilichojiviringisha ndani.

Msafara una adabu zake. Cha kwanza ni redio. Usinunue kabla hujajua wenzako wanatumia zipi, kwani Ulaya wengi hutumia redio za PMR446 zisizohitaji leseni, Australia wako kwenye UHF za 477 MHz, na hizi mbili hazisikilizani. Uliza, nunua inayolingana, ijaribu kabla ya kuondoka. Simu isihesabiwe, mtandao hukatika pale unapouhitaji.

Cha pili, gari lako ni mlinzi wa gari la nyuma yako. Usipoliona kwenye kioo, punguza mwendo. Bado hulioni, simama na useme redioni. Kwenye njia panda usiondoke mpaka la nyuma limekuona umekata upande gani. Kila mmoja akifanya hivyo, msafara haukatiki hata ukiwa mrefu. Omba nafasi ya karibu na kiongozi, uone anapitisha magurudumu wapi. Mkiani hukaa mzoefu mwenye vifaa vya kunasulia, si mgeni.

Cha tatu, kwenye kikwazo aingie mmoja, wengine wasubiri. Ukimfuata mwenzako kwenye mwinuko na akarudi nyuma, hamna pa kukimbilia nyote wawili. Anayekuelekeza kwa ishara awe mtu mmoja. Watu hupenda sana kupunga mikono, na utawaona watatu wakikuonyesha njia tatu. Ikiwa hivyo, simama uulize nani ndiye. Usipomwona anayekuelekeza, simama pia.

Kwenye maji, tazama kwanza, upime kina kwa miguu kama ni salama kuingia. Maji yanayokimbia kwa nguvu hayahitaji kuwa ya kina kuliburuta gari, na msafara kurudi nyuma si aibu. Ukiingia, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kusita. Injini ikizimika majini usipige stata tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni haziwezi kuyabana, na kitakachopinda ni vyuma. Subiri uvutwe, chujio la hewa lifunguliwe liangaliwe kwanza.

Lililobaki ni mdomo wako. Mwambie kiongozi mapema kwamba hii ni mara yako ya kwanza, gari lako ni la aina gani, na kama kuna abiria mwenye dawa za lazima au anayeumwa mgongo. Uliza kama vikwazo vigumu vina njia ya pembeni. Ukifika mahali moyo unakataa, sema. Kiongozi mzuri atakupitisha pembeni au atampa usukani mtu mwingine, na akikukejeli kwa hilo basi umejua kundi lipi usilirudie.

Mkitoka porini jaza upepo kabla ya kushika lami, maana tairi la PSI 18 kwa mwendo wa barabara kuu linapata joto kupita kiasi. Toa 4L na 4H (gia ya juu ya magurudumu yote manne). Kanyaga breki mara kadhaa taratibu uzikaushe. Kisha chungulia upande wa ndani wa rimu. Tope linaloganda pale huliyumbisha gurudumu, na usukani ukianza kutetemeka kwenye kasi ya 80, wengi hukimbilia kwa fundi kupimisha tairi wakati kilichotakiwa ni ndoo ya maji na kijiti.